Mtu Wetu au Mwenzetu: Nini cha Kuazima Kenya, Nini cha Kuazima Tanzania

Jina la Nyumba Kumi hutumika katika nchi zote mbili, lakini kila nchi hulitumia kwa jambo lake. Nchini Tanzania mfumo huo ulianzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960, chama kilipotaka kila kaya iwe na mtu wa kuiunganisha na ngazi za juu. Mjumbe wa nyumba kumi akawa msuluhishi wa majirani waliogombana, mtu wa kupelekewa taarifa mgeni anapofika, na, katika miaka ya uhaba mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwenye kujua kaya ipi ina watu wangapi wanaostahili mgawo wa sukari na sabuni. Nchini Kenya jina hilo liliazimwa baada ya shambulio la Septemba 2013 katika jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, kwa lengo kwamba majirani wafahamiane na kutoa taarifa za watu wanaowatilia shaka. Kwa Mtanzania aliyekua enzi zile, Nyumba Kumi ni chama kilichoketi barazani. Kwa Mkenya ni ulinzi wa mtaa ulio karibu na ofisi ya chifu. Jina lilivuka mpaka wa Namanga, kazi yake ikabaki upande wa pili.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayeshiriki katika mjadala wa nini kila nchi iazime kwa jirani yake. Watanzania wanaodai katiba mpya huitazama Kenya ya 2010, na Wakenya waliochoshwa na hesabu za makabila huitazama Tanzania ya Nyerere. Kosa lao ni moja: wanautazama utaratibu bila kuutazama mgawanyiko uliouzaa. Ofisi na sheria nyingi za Kenya zimejengwa kujibu swali la kabila na ardhi, ilhali za Tanzania zimejengwa kujibu swali la umoja chini ya chama kimoja. Ndiyo maana Mkenya anayeikabili serikali hutafuta kwanza kama ndani yake yumo “mtu wetu”, na Mtanzania hutafuta kwanza kujua kama aliye nyuma ya meza atamhesabu yeye kuwa “mwenzetu”. Maneno hayo yanakaribiana, lakini la kwanza huulizia asili ya mtu na la pili huulizia utii wake.

Ardhi, sensa na chama

Mgawanyiko wa Kenya una anwani, nayo ni ardhi ya Bonde la Ufa na nyanda za juu zilizokuwa mikononi mwa walowezi. Uhuru ulipokaribia, jamii zilizohofia kumezwa na Wakikuyu na Wajaluo zilijikusanya ndani ya chama cha KADU na kudai majimbo. Chama cha KANU kikashinda, KADU ikajivunja mwaka 1964, majimbo yakafutwa, lakini hofu haikufutwa. Mashamba mengi ya walowezi yalihamishwa kupitia miradi ya makazi na kampuni za kununua ardhi, na familia nyingi za Wakikuyu zikahamia Bonde la Ufa kwa njia hiyo, huku Wakalenjin na Wamaasai wakiendelea kuihesabu kuwa ardhi ya babu zao. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alitoka KANU na kuongoza chama cha upinzani cha KPU; mwaka 1969 Tom Mboya aliuawa mwezi Julai, na KPU ikapigwa marufuku kabla ya mwaka kwisha. Kuanzia hapo Mkenya wa kawaida alijifunza kwamba barabara ya lami, hospitali na kazi serikalini hufuata jina la aliye Ikulu. Vurugu za 1992, za 1997 na hatimaye zile za 2007 hadi 2008, zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwafukuza makwao zaidi ya 600,000, zilikuwa mavuno ya shamba lililolimwa kwa miaka mingi.

Husemwa mara nyingi kwamba Tanzania ilibahatika tu, kwa kuwa ina makabila zaidi ya 120 na hakuna lililo kubwa kiasi cha kuyatawala mengine. Hoja hiyo haisimami vizuri. Wasukuma hukadiriwa kuwa karibu moja ya sita ya Watanzania. Wakikuyu, kwa sensa ya Kenya ya 2019, walikuwa milioni 8.1 katika watu milioni 47.6, yaani asilimia 17. Uwiano unakaribia kuwa uleule. Kilichotofautiana ni siasa. Tanganyika iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, mwaka uleule ilipoanzisha Jeshi la Kujenga Taifa. Ardhi yote ikawa ya umma, Kiswahili kikawa lugha ya shule ya msingi na ya ofisi, wanafunzi wa sekondari wakapelekwa mabwenini mbali na kwao, na watumishi wakahamishwa kutoka mkoa hadi mkoa kiasi kwamba mtoto wa mwalimu Mhaya angeweza kuzaliwa Songea na kuoa Singida. Sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kumuuliza mtu kabila lake na dini yake. Hata utani kati ya makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, ulisaidia, kwa sababu uliruhusu tofauti zitajwe hadharani bila kuwekwa kwenye ajenda ya siasa.

Bei yake, hata hivyo, haikuwa ndogo, na wanaoisifu Tanzania wakiwa ng’ambo ya mpaka hupenda kuiruka sura hiyo. Mfumo wa chama kimoja uliwekwa kisheria mwaka 1965. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972 na kurejeshwa miaka kumi baadaye. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya watu, wengine kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa ili wasirudi. Chombo kilichomfanya Mtanzania asiulizwe kabila ndicho kilichomfanya aulizwe kadi ya chama, na mazoea ya kuichukulia serikali na chama kuwa mwili mmoja hayakwisha vyama vingi viliporejea mwaka 1992.

Kuna utafiti mmoja unaostahili kutajwa hapa, kwa sababu hulinganisha watu na si hotuba. Mwanauchumi Edward Miguel alichukua Busia, magharibi mwa Kenya, na Meatu, wilaya iliyokuwa wakati huo ndani ya mkoa wa Shinyanga, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 alionyesha kwamba Busia, mahali palipochanganyika makabila palichangia kidogo zaidi kwa ajili ya shule ya msingi, ilhali Meatu mchanganyiko wa makabila haukupunguza michango. Wilaya hizo mbili hazipakani, lakini zilifanana kwa mengi, na zote zilikuwa chini ya Waingereza kabla ya uhuru. Anayetaka ushahidi kwamba sera ya taifa inaweza kubadili namna jirani anavyomtazama jirani, hapo ana mahali pa kuanzia.

Karatasi inayokufanya raia

Tofauti ya nchi hizi huonekana wazi zaidi kwenye dawati la kitambulisho kuliko bungeni. Nchini Kenya, kwa miaka mingi, Wanubi, Wasomali na Waislamu wengi wa Pwani walipeleka maombi yao mbele ya kamati za uchunguzi ambazo jirani yao wa kabila jingine hakuziona kamwe. Kisa cha Wamakonde wa Kwale kinaeleza mengi. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba makubwa ya Pwani, na wajukuu wao wakazaliwa, wakasoma na kuzeeka bila kitambulisho, maana yake bila akaunti ya benki, bila kura na bila laini ya simu kwa jina lao. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi, na serikali ikakubali kuwatambua. Lakini namna walivyotambuliwa ni jambo la kuangaliwa: walitangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Uraia ulipitia mlango wa kabila. Mtu hakuwa Mkenya kwa sababu alizaliwa Kwale. Alikuwa Mkenya kwa sababu jina la watu wake liliingizwa kwenye orodha.

Tanzania haina orodha ya namna hiyo. Mwaka 2014 ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia wakimbizi wa Burundi waliofika mwaka 1972, watu wapatao 162,000, na hakuna aliyehitaji kuwa kabila la 121 kwanza. Ni tendo ambalo nchi chache duniani zimelifanya kwa kiwango hicho, na Watanzania wenyewe hawalitaji vya kutosha. Hata hivyo mstari wa mgawanyiko haukutoweka, ulisogea tu. Mkazi wa Kigoma au Kagera anayeomba kitambulisho cha taifa anaweza kuulizwa habari za babu na bibi yake kwa undani ambao mkazi wa Dodoma hakutani nao, kwa kuwa pale swali ni kama mtu ni raia au ni mgeni.

Zanzibar ni sura nyingine kabisa, na anayeilinganisha Tanzania na Kenya bila kuigusa anajipunguzia kazi isivyo halali. Huko mgawanyiko wa Unguja na Pemba, wenye mizizi katika siasa za kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964, ulivaa sare za vyama mwaka 1995, na Januari 2001 damu ilimwagika. Mlinda mlango wa uraia mtaani ni sheha, ambaye hachaguliwi na wakazi bali huteuliwa, na kwa muda mrefu mtu asiyetambuliwa na sheha alitatizika kupata kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na bila kitambulisho hicho hakuandikishwa kupiga kura. Ukibadilisha neno kabila kwa neno chama, malalamiko ya mkazi wa Wete, Pemba, na ya Mnubi wa Kibera, Nairobi, yanafanana hatua kwa hatua. Maridhiano yaliyopigiwa kura ya maoni Julai 31, 2010, na kuungwa mkono na asilimia 66 ya wapiga kura, yalileta serikali ya umoja wa kitaifa, yaani jibu la kugawana madaraka ambalo Kenya ilikuwa imelijaribu miaka miwili kabla yake. Kwa hiyo dhana kwamba Tanzania ni nchi ya umoja na Kenya ni nchi ya mgawanyiko ni ya Tanganyika zaidi kuliko ya Tanzania.

Jambo moja zaidi kuhusu kuhesabu. Sheria ya Kenya ya 2008 kuhusu utangamano wa kitaifa inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Kenya huhesabu kabila ili kulidhibiti. Tanzania huacha kulihesabu ili lisahaulike. Njia ya pili ni tulivu zaidi, lakini Waislamu wa Tanzania Bara waliolalamika kwa miongo kadhaa kwamba wameachwa nyuma katika elimu na uteuzi hawajapata takwimu rasmi ya kuthibitisha dai lao, wala serikali haijapata takwimu ya kulikanusha. Mimi naona kutouliza kabila kwenye sensa kumesaidia kuliko kulivyoumiza; sisemi hivyo kwa uhakika uleule kuhusu dini.

Fedha zinapofika chini

Kwa mtu anayetaka kisima, ada ya mtoto au mkopo, serikali ni nani? Nchini Kenya jibu limekuwa mbunge, gavana na mwakilishi wa wadi, wote wa kuchaguliwa na wote wenye fungu la kugawa. Mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge ulioanzishwa mwaka 2003 umeifanya basari, yaani msaada wa karo, kuwa lugha ya siasa, na katiba ya 2010 ikaongeza kaunti 47 zenye haki ya kupata angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Ugatuzi ulikusudiwa kumpunguzia kila Mkenya haja ya kuwa na mtu wake Ikulu, na kwa kiasi fulani umefanikiwa: Turkana na Mandera wana bajeti ambazo hapo awali hawakuziota. Lakini mgawanyiko nao ulijua kushuka ngazi. Kaunti yenye jamii moja kubwa ilianza kuhesabu koo, na Mandera mwaka 2013 wazee waligawana viti kabla ya siku ya kura ili koo zisipigane. Utaratibu huo ulileta amani, na ulimwacha mpiga kura wa ukoo mdogo, pamoja na mwanamke, akipiga kura katika uchaguzi ambao jibu lake lilikuwa limekwisha kutolewa mkekani.

Nchini Tanzania mwenye fedha si yule anayechaguliwa. Diwani huchaguliwa, lakini mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na rais, kama ilivyo kwa mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa. Matokeo yake ni utamaduni wa kero: mwananchi hasubiri kumwadhibu diwani kwa kura, anasubiri kiongozi wa kitaifa afanye ziara, ashike kipaza sauti, na amuulize mkurugenzi mbele ya umati kwa nini mradi haujakamilika. Hadhira hushangilia, mtendaji hutokwa na jasho, na mara nyingine kero hutatuliwa papo hapo. Ni burudani nzuri na ni utawala dhaifu, kwa sababu kijiji ambacho msafara haukupita hakina pa kuipeleka kero yake isipokuwa kwenye daftari la mtendaji. Kwa upande mwingine, mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa kwa makundi ambayo Kenya ingefaa kuyatazama: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hakuna mwanya wa kabila ndani yake. Mwanya uliopo ni ule wa zamani, kwamba kikundi hutambulishwa na ofisi ya mtaa, na ofisi ya mtaa kwa kawaida ni ya chama kimoja.

Hapa kuna hazina ambayo hata Watanzania wameisahau, nayo ni mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria, wakazi wote watu wazima wa kijiji ndio mamlaka ya juu kijijini. Mkutano unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, kusomewa mapato na matumizi, na kuidhinisha mambo mazito kama ugawaji wa ardhi. Kenya haina kitu kinacholingana nao. Baraza la chifu ni mkutano wa kuambiwa, na vikao vya ushirikishwaji wa umma, vinavyotakiwa na katiba kabla ya sheria au bajeti kupitishwa, huwaita watu watoe maoni bila kuwapa uamuzi. Mwanakijiji wa Iringa ana haki ya kukataa. Mkazi wa Kakamega ana haki ya kusikilizwa. Lakini Mkenya asiposikilizwa anaweza kwenda mahakamani na kuifuta sheria nzima, ilhali Mtanzania ambaye mkutano wake haujaitishwa mwaka mzima ana mkuu wa wilaya wa kumlalamikia, na basi.

Kura, mahakama na barabara

Haki hiyo ya kwenda mahakamani ndiyo kitu ambacho Mtanzania anayetafuta cha kuazima hukitaja kwanza, na anakitaja kwa haki. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais. Machi 31, 2022 mahakama hiyohiyo ilithibitisha kwamba rais hawezi kujificha nyuma ya mpango wa wananchi, yaani njia ya raia wenyewe kupendekeza marekebisho, ili kubadili katiba. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilitangaza sheria ya fedha ya 2023 kuwa kinyume cha katiba, na ushirikishwaji duni wa umma ukiwa miongoni mwa sababu. Mahakama ya Juu ikapindua uamuzi huo Oktoba mwaka huohuo. Miongoni mwa walioipinga sheria hiyo alikuwamo Okiya Omtatah, seneta wa Busia, aliyejipatia jina kwa kwenda kortini kwa niaba ya watu wasiojuana naye. Anayepeleka shauri la namna hiyo haulizwi kabila, na ndiyo sababu mahakama imekuwa mahali pa nadra ambapo Mkenya huikabili serikali bila kumtafuta mtu wake.

Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 41(7), inasema kwamba mgombea akishatangazwa na tume kuwa rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka mkataba wa Afrika. Wakati huo Tanzania ilikuwa imekwisha kutoa taarifa ya kujiondoa katika utaratibu unaowaruhusu raia mmojammoja kufungua mashauri katika mahakama hiyo. Vilevile, tangu marekebisho ya mwaka 2000, rais wa Tanzania hahitaji kupata zaidi ya nusu ya kura. Rais wa Kenya anahitaji nusu na moja zaidi, pamoja na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Sharti la Kenya lilitungwa ili kabila kubwa lisitawale peke yake, na limezaa miungano kama ule wa Uhuru Kenyatta na William Ruto wa 2013, ambao uliwaweka pamoja Wakikuyu na Wakalenjin, yaani walewale waliouana miaka mitano kabla.

Matukio ya miaka ya karibuni yamelipa suala hili uzito mwingine. Juni 2024 vijana wa Kenya walijaza barabara kupinga muswada wa fedha wakisema hawana kabila, hawana chama na hawana kiongozi. Juni 25 Bunge lilivamiwa na waandamanaji wakapigwa risasi. Siku iliyofuata rais alikataa kuutia saini muswada. Walikufa makumi ya watu, na walichokidai kwa sehemu walikipata. Tanzania ilifanya uchaguzi Oktoba 29, 2025 bila CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, kwenye karatasi ya kura na mwenyekiti wake akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Maandamano yalizuka siku hiyohiyo, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje, watu wakauawa kwa idadi inayobishaniwa tangu hapo, na mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Wakenya wengi walistaajabu kwamba hayo yametokea Tanzania. Sidhani palikuwa na la kustaajabia. Nchi iliyofunga mlango wa mahakama kwa kura ya rais, na iliyoendesha chaguzi mbili za serikali za mitaa, 2019 na 2024, ambazo chama kimoja kiliondoka na takriban asilimia 99 ya viti, ilikuwa imewaachia watu wasio “wenzetu” barabara peke yake.

Kwa anayetaka kuchagua

Kama msomaji ni Mtanzania anayejadili katiba mpya, achukue kwa Kenya haki ya kupinga matokeo ya rais mahakamani na sharti la zaidi ya nusu ya kura. Yote mawili yalikuwamo katika rasimu ya katiba mpya ya Tanzania iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba, kwa hiyo si mageni wala si ya Kikenya peke yake. Achukue pia kanuni kwamba sheria iliyotungwa bila kuwashirikisha wananchi inaweza kufutwa. Aache orodha ya makabila, aache kanuni ya theluthi moja, na ajiulize mara mbili kabla ya kumpa mbunge mfuko mnono wa kugawa, kwa sababu mfuko huo hujenga mtu wetu hata mahali ambapo hakuwapo. Kuhusu kaunti, ushauri wangu ni wa tahadhari: mikoa yenye bajeti na viongozi wa kuchaguliwa ingewapunguzia watu kungoja misafara, lakini mipaka ya kaunti nyingi za Kenya ilifuata wilaya ambazo wakoloni walizichora kwa makabila, na Tanzania haina sababu ya kuuchora upya mgawanyiko ilioukwepa kwa miaka 60.

Kama msomaji ni Mkenya, orodha yake ni fupi na ngumu zaidi, kwa sababu mengi yaliyoijenga Tanzania hayaazimiki. Sheria ya vyama ya Tanzania ya 1992 inakitaka chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua 10, miwili ikiwa ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba, na inakataza chama cha kabila au dini. Kenya inayo sheria inayofanana nayo tangu 2011, yenye kudai wapiga kura 1,000 katika zaidi ya nusu ya kaunti, na vyama vyake bado vina vijiji vyake. Mpango wa tume ya kuajiri walimu ya Kenya wa kuwahamisha walimu mbali na kwao, ulioanza 2018, uliachwa baada ya miaka michache kwa malalamiko ya walimu na wabunge. Jambo ambalo Tanzania ilifanya kwa amri ya chama kimoja halifanyiki kwa waraka wa tume katika nchi yenye vyama vingi na chama hai cha walimu. Kinachoazimika ni mkutano mkuu wa kijiji: wakazi wa kata-ndogo wapewe nguvu ya kukataa matumizi ya fedha za wadi, si kutoa maoni tu.

Na kwa Mtanzania kimebaki kitu kimoja ambacho kingegharimu kidogo kuliko tume yoyote ya katiba, nacho ni mgombea binafsi. Kenya inamruhusu tangu 2010 katika ngazi zote. Tanzania haimruhusu hata kwa kiti cha mwenyekiti wa kitongoji, ingawa Mahakama ya Afrika ilimpa haki Mchungaji Christopher Mtikila katika shauri lake la kudai mgombea binafsi Juni 2013. Maana yake ni kwamba mzee anayeheshimiwa na kijiji kizima, aliyesuluhisha mirathi ya nusu ya kaya zake, hawezi kuongoza mkutano mkuu wa kijiji chake mpaka kwanza aende kuchukua kadi.